Kicheko Kilichowahi

Basi lilikuwa limeshaipa stesheni kisogo, na Kiroboto bado alikuwa anapunga mkono dirishani. Hakuna aliyempungia. Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, alisimama kando ya kibanda cha soda, mikono kifuani, midomo imefungwa kama mfuko wenye zipu.

Kiroboto alikuwa kinyozi mchana na mchekeshaji jioni. Jina hilo alipewa kwa udogo wake na kutotulia. Katika ukumbi wa mtaani kwao watu walivunjika mbavu kila alipopanda jukwaani na koti la kuazima lililomeza viganja. Kichwa kikamvimba. Kitu kimoja tu kilimkera: shangazi alicheka kabla ya wakati. Kiroboto akianza tu, "Baba yangu alikuwa mkali hata usingizini," mama huyo aliangua kicheko, maana baba huyo, sasa marehemu, alikuwa kaka yake na kisa alikijua.

"Shangazi, unaniharibia kazi," alimwambia wiki ile ya safari mbele za watu. "Kama huwezi kungoja, kaa nyumbani."

Shangazi akabeba mkoba wake akatoka. Naye Kiroboto akauza kiti chake cha kunyolea, akaenda kutafuta ukumbi mkubwa.

Ugenini alisimulia kisa kilekile: baba akiwa usingizini alimkaripia, yeye akamwamsha, baba akafoka, "Nani kakuruhusu uniamshe kabla sijamaliza?" Ukumbi ulinyamaza kama maji mtungini. Akabadilisha shati. Akapunguza kasi, akaiongeza. Wapi! Mtu mmoja alikohoa, Kiroboto akamshukuru moyoni.

"Hivi kisa kimeoza njiani au vipi?" alimuuliza mpiga kinanda wa ukumbi ule.

Mzee yule alifunika kinanda chake taratibu. "Kisa kizima. Ila hawa ni wageni kwa wageni, kila mmoja anamchungulia jirani. Hebu niambie, kwenu nani alikuwa anaanza?"

Kiroboto akaenda kufunga mizigo. Kesho yake alipanda basi la kurudi.

Mwenye ukumbi wa mtaani hakumzungusha. "Jioni moja tu. Wakicheka, jukwaa lako. Wasipocheka, katafute kiti kingine cha kunyolea."

Kiroboto alimkuta shangazi kwenye cherehani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hao wa huko wanachekaje?"

"Hawacheki."

"Wana adabu."

"Nisamehe, shangazi. Njoo kesho."

"Nina suruali za watu," akajibu, akakanyaga cherehani kwa nguvu.

Kesho yake jioni kiti cha shangazi ukumbini kilikuwa kitupu. Kisa cha baba kilianguka chini kama sahani ya bati. Mwenye ukumbi akaanza kutazama dari. Kiroboto akakunja mikono ya koti, akapiga moyo konde, akaacha visa alivyovizoea.

"Nina shangazi. Nilimfukuza humu kwa kosa la kucheka. Mchekeshaji mzima! Ni kama muuguzi kumfukuza mgonjwa kwa kosa la kupona. Nikaenda ugenini, nikapata nilichotaka. Huko hakuna hata mmoja aliyecheka kabla ya wakati..."

Kicheko kikalipuka mlangoni. Shangazi alikuwa amesimama pale, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Shangazi, sijamaliza!"

"Malizia, nani kakukataza?"

"...wala baada!"

Watu wakaangua kicheko hadi viti vikalia.

Kiroboto alipewa jukwaa, na hadi leo yupo hapohapo. Kiti chake cha kunyolea hakukipata tena. Alinunua kingine, kibovu kidogo. Mwenye ukumbi aliongeza safu mbili za viti. Mpiga kinanda alikuja kuwatembelea mara moja, akasinzia katikati ya onyesho. Shangazi bado anacheka kabla ya wakati. Alimshonea mpwa wake koti la jukwaani, la kwanza kumwenea mikono, akamvalisha mwenyewe mbele ya ukumbi mzima. Mcheza kwao hutunzwa.