Kiboko Apima Mwamba

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mwamba!

— Mkubwa?

Mkubwa kuliko ubishi wenu. Kaeni basi.

Juu ya mwamba huo palikuwa na dimbwi, na ndani ya dimbwi alilala Kiboko. Kiangazi kilikuwa kikali, mito yote imekauka. Swala akaja na kiu. "Toka! Dimbwi langu!" Ngiri akaja na kiu. "Toka! Dimbwi langu!"

Akaja Pimbi, yule mnyama mdogo anayeishi kwenye nyufa za mawe. Wanawe walikuwa wanalia kwa kiu, na roho ilimuuma kweli.

"Shikamoo, mjomba."

"Toka! Dimbwi..."

"Sikuja kunywa, mjomba. Nimekuja tugawane. Maji yote ya juu ya mwamba ni yako. Yatakayoonekana chini ni yetu."

Kiboko akacheka, hoo hoo hoo! "Chini kuna vumbi tu! Mwamba huu haupitishi maji."

"Pima, mjomba, usije ukasema nimekupunja."

Sasa Kiboko alijiona fundi wa kupima. Akamegua kipande cha mwamba, kadogo kama yai la kanga, akakimwagia maji. Yakateleza pembeni. Akakigeuza, akamwaga tena. Halikupenya hata tone.

"Mmeona? Jiwe ni hilihili, mwamba ni huuhuu. Nimekubali!" Akaapa mbele ya Swala na Ngiri.

Pimbi akarudi kwake mbio. Kile kipande hakikuwa na ufa, lakini mwamba mzima ulikuwa na nyufa kutoka juu hadi chini, zimezibwa na tope tu. Pimbi na wanawe wakakwangua, kwaru kwaru! Wakakwangua, kwaru kwaru! Tope likatoka.

To... to... to... Churururuuu!

Chini watoto wa Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Swala akanywa. Ngiri akanywa, akaoga kabisa.

Juu maji yakamshuka Kiboko shingoni, yakamshuka tumboni, yakamshuka miguuni.

"Pimbi! Maji yangu yanakwenda wapi?"

"Pima, mjomba!"

Akakichukua kile kipande. Maji ya kukimwagia hakuna, akakitemea mate. Hayakupenya.

"Mwamba huu haupitishi!" akanguruma, amekaa kwenye tope linalokauka.

Funzo, wanangu: ukitaka kupima, pima kadogo. Kupima kitu kizima kunachosha bure.

— Lakini Kiboko amekosa maji!

Kipimo hakikukosea. Hadithi yangu imepenya ufani, imetokea kule chini. Mwenye kiu akaikinge.