Kofia ya Sultani Mtaroni

Palikuwa na Sultani aliyetaka mvua imtii. Jina lake Ngwali, mji wake Tandavuli. Mji wenyewe mdogo: ukipiga chafya sokoni, bawabu wa jumba la Sultani anakuombea afya.

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Soko likawa ziwa. Wauza samaki wakataniwa kwamba bidhaa zao zinarudi kwao. Na Ijumaa wakwe wapya wa Sultani walikuwa waje, na njia yao ilikuwa moja tu, katikati ya soko.

Sultani akamwita Bi Mize. Huyu alikuwa msimamizi wa wazibua mitaro wa mji, watu tisa kwa majembe tisa. Kiangazi hakuna anayewasalimu. Masika wanaitwa mbiombio kama mkunga. Mwanamke mfupi, viganja vigumu. Mdomo wake mtausikia wenyewe.

"Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba. Ijumaa nataka soko kavu. Nikiona maji, wewe na wenzako wanane mtalala gerezani mpaka masika mengine."

"Leo Jumatano, Mwinyi."

"Nimekuuliza siku?"

Sasa sikilizeni. Sababu ya mafuriko ilijulikana mji mzima. Mwaka uliopita Sultani alijijengea baraza jipya la mawe na chokaa, juu kabisa ya mtaro mkuu. Fundi Silima, mwashi, akathubutu kusema, "Mwinyi, msingi huu unaukaba mtaro." Akaozea gerezani siku arobaini kwa kosa la kumkosoa Sultani. Tangu hapo watu wakifika barazani wanasifu chokaa, wanapita zao.

Bi Mize aliogopa. Asiogope, kwani yeye jiwe? Watu wanane wana watoto nyumbani, na wote wamewekwa shingoni mwake. Lakini woga wake haukuwahi kufika mdomoni.

"Mwinyi, mtaro umeziba mahali. Sisi tukipatafuta, tunatuma mjumbe. Tunatupa kifuu cha nazi huko juu mlimani, tunakingoja huku chini maji yanakotokea. Kisipotoka, tunafunua vifuniko kimoja kimoja mpaka tukione kilipokwama. Jana tumetupa saba. Hakikutoka hata kimoja."

"Vifuu! Wanawake wa mtaa wa chini wameviokota wakawashia moto!"

"Maneno hayo, Mwinyi. Mjumbe wetu hana cheo. Tupe wewe mjumbe ambaye hakuna atakayethubutu kumwokota."

Sultani akacheka. Alipenda sana kuogopwa, yule bwana. Akavua kofia yake ya viua, imedariziwa kwa nyuzi za dhahabu. "Hii je?"

"Hiyo hata kuitazama naogopa. Na pale itakapokwama, mwenye nyumba tumfanyeje?"

"Atachimba kwa mkono wake mwenyewe! Hadharani!"

"Akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa ndugu yangu tumbo moja!"

"Akikataa jembe?"

"Gerezani!"

"Ahsante, Mwinyi. Ila mimi mtu mzima, nasahau. Ungeyasema nje, watu wanisaidie kukumbuka."

Sultani akatoka nje akayasema. Akayasema mara mbili, maana mara ya kwanza alijisikia anapendeza. Mpiga mbiu akayazungusha mitaani mpaka watoto wakayajua.

Alhamisi asubuhi kofia ikafungwa juu ya kifuu, ikatumbukizwa mtaroni kule juu mlimani. Sultani mwenyewe akashuka kwa miguu, kanzu ameikunja mkononi, mji mzima nyuma yake ukikanyaga matope. Wakafika chini maji yanakotokea. Wakangoja. Kofia hakuna.

"Imekwama!" Sultani akapiga makofi. "Nilijua! Ni hao hao wa mtaa wa chini na takataka zao! Fungueni!"

Wazibua mitaro wakaanza kufunua wakipanda. Kifuniko cha kwanza, mtaa wa chini: kofia hakuna, na maji hakuna vilevile, pakavu. Cha pili, pakavu. Cha tatu kilikuwa ubavuni mwa baraza lake, upande wa sokoni.

Kilipoinuliwa tu, maji yakaruka. Bi Mize akatia jembe, akavuta. Ikatoka kofia, imekaa juu ya kifuu chake, imelowa chapachapa. Akavuta tena. Vikatoka vifuu saba vya juzi, kimoja baada ya kingine, na watu wakavihesabu kwa sauti mpaka walipokumbuka wako mbele ya nani.

Fundi Silima alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu, mabega yanamtikisika kwa kicheko alichokibana.

"Bi Mize," Sultani akasema, mashavu yamemvimba, "unataka kusema mimi ndiye niliyeufurisha mji?"

"Mimi? Tangu tufike hapa nimefungua mdomo? Mjumbe ni wako, Mwinyi. Wetu hana cheo."

Sultani akatazama baraza. Akatazama watu. Akatazama jembe. Mara uso ukamng'aa.

"Basi kofia ndiyo iliyoziba mtaro! Mmeiona wote, imekutwa humo humo! Na kuchimba haiwezi, haina mikono. Basi ipelekwe gerezani hiyo kofia, na maneno yaishe!"

Bi Mize akaikamua kofia maji. Akaipangusa tope kwa upindo wa kanga. Akajinyoosha kwa ncha za vidole, maana nimewaambia alikuwa mfupi, akamvika Sultani kichwani, akaiweka sawa.

"Hukumu imenyooka, Mwinyi. Jembe hili hapa, gereza lile pale. Ila mara hii kofia tusiitume peke yake. Iende na kichwa."