Mkono wa Sultani Hatimu

Palikuwa na sultani katika mji wa Kitopeni, jina lake Hatimu, ambaye alichukia kuona kitu kinasogea bila ruhusa yake. Basi akatoa amri. Kila Ijumaa, akishuka mteremko kutoka jumbani kwenda msikitini, atainua mkono wake wa kulia. Mkono ukipanda, kila kitu kisimame pale pale mpaka ushuke. Kitakachoendelea kimeasi, na kilichoasi kitafungwa gerezani mpaka Ijumaa ya pili.

Kadhi Muhsini, mtu mpole, aliuliza kama kuna watakaosamehewa. Wagonjwa, labda.

"Hakuna," akasema Sultani. "Ukimsamehe mmoja, kesho mji mzima una homa."

Mji ukajifunza kusimama. Kinyozi alisimama na wembe shingoni kwa mteja, na mteja, niaminini, alisimama vizuri kuliko wote. Muuza kahawa naye alisimama, lakini kahawa iliyokwisha toka kwenye birika ikaendelea kushuka, akafungwa yeye pamoja na birika. Mpiga upatu alisimama na kirungu hewani, ila upatu wenyewe ukabaki unavuma kama nyuki kwenye mzinga. Ukafungwa nao. Wanasema ulivuma mpaka mlangoni mwa gereza.

Sasa, palikuwa na mfinyanzi mmoja, mjane, akiitwa Mwanatumu. Alikuwa na watoto watatu, mkokoteni mmoja, na ulimi ambao majirani waliuogopa kuliko mbwa. Mkokoteni ndio uliowalisha. Bila huo vyungu visingefika sokoni, na watoto hawali vyungu.

Ijumaa hiyo alikuwa akishuka mteremko, ameushika mkokoteni kwa nyuma, vyungu vimepangwa juu. Mkono ukapanda. Mwanatumu akakita visigino, mkokoteni ukasimama. Chungu cha mbele hakikusimama. Kiliruka, kikabiringika kwa furaha zake, kikaenda kuvunjikia miguuni pa Sultani.

Hukumu haikuchelewa. Mwanamke aende gerezani, mkokoteni ukachanjwe kuni za jikoni jumbani. Gereza halikumtisha Mwanatumu, maana siku hizo nusu ya jamaa zake walikuwa huko. Lakini aliposikia habari ya kuni, alipiga hatua moja mbele.

"Mtukufu, mimi nilisimama," akasema.

"Ulisimama."

"Na mkokoteni ulisimama."

"Ulisimama. Chungu hakikusimama."

"Chungu kilikuwa njiani kwenda sokoni, Mtukufu. Mkokoteni nimeushika, ukatii. Chungu hakuna aliyekishika, kikaendelea na safari yake."

"Kilikaidi," akasema Sultani, "kwa sababu kimefinyangwa na mkaidi. Chungu cha mtu mwenye adabu kingetulia."

Wakubwa wa baraza waliofuatana naye wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa neno zito sana kwao.

"Kwa hiyo mwenye adabu akipanda mkokoteni, na mkokoteni ukasimama ghafla, yeye hatoki?"

"Hatoki."

"Hata asiposhika kitu?"

"Wanaoshika ni waoga."

"Basi, Mtukufu, shida yetu ni kukosa mfano. Mji huu hatujawahi kumwona mwenye adabu juu ya mkokoteni. Tungeonyeshwa mara moja tu, hata vyungu vyangu vingejifunza."

Kadhi Muhsini akashikwa na kikohozi. Sultani akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona baraza zima linamtazama yeye.

"Nitapanda mimi," akasema. "Na mkono nitauinua mwenyewe. Nikitulia, mkokoteni utachanjwa huku wewe unatazama."

"Na usipotulia, Mtukufu?"

"Sheria si unaijua?"

Mwanatumu akasema anaijua. Akaomba jambo moja tu: yeye ni mwanamke peke yake, na Mtukufu, alhamdulillahi, ni mtu aliyeshiba, hivyo apewe askari wa kumsaidia kushika. Sultani akampa wanne wenye vifua kama milango. Akawaonya kwamba atakayesogea hata unywele baada ya mkono kupanda, atajuta.

Watu wakajaa mteremkoni. Sultani akaketi juu ya mto wa hariri, mikono mapajani, uso mbele. Chini ya mteremko wasokota kamba walikuwa wamelundika makumbi ya nazi, ndiyo kwanza yametolewa topeni yalikofukiwa yaoze. Anayeijua harufu ya makumbi hana haja ya kuelezwa, na asiyeijua nimwache na bahati yake.

Mkokoteni ukaanza polepole. Ukashika mteremko. Ukachanganya. Sultani akaona upepo unampepea ndevu, akapendezwa, akausubiri mwendo ukolee ili adabu yake ionekane vizuri zaidi. Ndipo akainua mkono.

Askari, kwa kuliogopa gereza, wakakita miguu kama nguzo za nyumba. Mkokoteni ukaganda. Sultani akaendelea. Alipita hewani akiwa bado ameketi, kwa heshima zake zote, mto ukimfuata nyuma, akazama ndani ya makumbi. Juu ukabaki mkono wa kulia tu, umenyooka.

Na kwa kuwa mkono ulikuwa bado juu, hakuna aliyethubutu kwenda kumtoa. Mji mzima ulisimama. Wenye kutaka kucheka walijizuia mpaka machozi yakawatoka, kisha wakayaogopa machozi yenyewe, maana yalikuwa yanashuka.

Mwanatumu, mikono kwenye mkokoteni, macho mbele, akasema kwa upole:

"Sheikh Kadhi, mimi nimesimama. Askari wamesimama. Mkokoteni umesimama. Wewe ndiye hakimu, hebu tuangalizie, maana sisi wengine haturuhusiwi kugeuza shingo: kuna chochote kilichoendelea?"