Kanga ya Mama Leokadia

“Aangukaye hutandikiwa, hakimbiwi.” Jana binti wa Mzee Fidelisi alipoanguka kwenye sala, mlimsikia mwenyekiti wa jumuiya akisema hivyo, na sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, sogeeni, na wewe Sabina uache kunimalizia njugu. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia chini ya kichwa changu mwenyewe.

Nilikuwa msichana wa kujiandaa na kipaimara, na nilikuwa na kifafa. Msinitolee macho! Siku zile watu wa hapa kwetu waliamini kwamba ukimgusa aliyeanguka huku anatoa povu, utakipata na wewe. Kwa hiyo nikianguka, walitimua mbio hata wale waliokuwa wakilalamika magoti. Aliyebaki nami ni mama yangu tu.

Jumuiya yetu ilisali nyumba kwa nyumba, kila wiki zamu ya mwingine, kama ilivyo sasa. Zamu ikitoka kwa jirani wa juu iliruka kwetu ikaenda kwa jirani wa chini. Hakuna aliyetutamkia kwamba tumerukwa. Mama alifagia uwanja, akatandika mkeka, akangoja, kisha akasikia wimbo ukianza nyumba ya pili. Akaukunja mkeka wake.

Basi kipaimara kikakaribia. Mnajua desturi: mtoto husimama mbele ya Baba Askofu, na msimamizi wake nyuma, mkono begani. Wenzangu wote walishapata wasimamizi, mimi nilikosa. Katekista Nolasko, mtu mwema ila mwoga wa aibu, akamwambia mama, “Huyu tumwache. Atapewa siku nyingine, kimyakimya. Akianguka mbele ya Askofu, nyuso zetu tutaziweka wapi?”

Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia yote. Nililia, jamani! Sikutaka makubwa, nilitaka mkono mmoja tu begani.

Mama akaenda zahanati ya parokia, kwa Sista Edeltruda, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunipa vidonge. Sista hakugombana na mtu. Siku ya jumuiya akaja kwenye sala, na baada ya baraka akamwomba katekista alale chini awe mgonjwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

“Msimkandamize,” Sista akasema. “Msimtie kijiko mdomoni. Mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, mgeuzeni alale ubavu, mkae naye mpaka azinduke.”

“Na povu, Sista?” Aliyeuliza alikuwa Mama Leokadia, mpika maandazi, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kukimbia.

“Povu ni mate. Wanao wamekumwagia mate kiasi gani?”

“Mh! Ya kuogea.”

“Wakakuambukiza kifafa?”

Kesho yake Mama Leokadia akaja kwetu na sahani ya maandazi, akamwambia mama, “Dada, nimekuja kuomba nimsimamie mtoto. Nikikimbia, nishikeni miguu.”

Siku ikafika. Mama Leokadia alijifunga kanga mpya juu ya gauni, mikunjo ya dukani haijatoka. Nikausikia mkono wake begani, mzito na wa moto. Kilichofuata sikukiona, maana aangukaye haoni, nawasimulia nilivyosimuliwa. Nilianguka palepale mbele ya Askofu. Mabenchi yakalia, watu wakasukumana kuelekea mlangoni. Mama Leokadia hakukimbia. Akaifungua ile kanga mpya, akaikunja, akaitia chini ya kichwa changu, na povu likailowesha. Kisha akapaza sauti mle kanisani kana kwamba yuko sokoni:

“Nyie, mnakwenda wapi? Aangukaye hutandikiwa, hakimbiwi!”

Watu wakasimama. Wa kwanza kurudi alikuwa Katekista Nolasko, koti lake mkononi, akalisukumiza chini ya mgongo wangu. Wakafuata akina mama, huyu na kanga yake, yule na yake. Nilipozinduka nilikuwa nimelala pazuri kuliko kitandani kwetu. Baba Askofu alikuwa amepiga magoti sakafuni kando yangu, akiningoja.

“Usiinuke, mwanangu,” akaniambia. “Tutakupa hapohapo.”

Nikapokea kipaimara nimeketi juu ya kanga za watu, na mkono wa Mama Leokadia ulikuwa begani.

Wiki ile mama alifagia uwanja kama kawaida yake, akatandika mkeka. Safari hii wimbo ulianza uwanjani kwetu. Mkeka haukutosha, akina mama wakatandika kanga zao, na mama akawa anapita katikati yao akilia na kucheka, “Karibuni, jamani, karibuni.” Vidonge nikaendelea navyo, na kuanguka kukapungua mpaka nikazeeka, kama mnavyoniona. Nawashukuru wote, marehemu na walio hai, na sauti ile ya mama yangu akikaribisha watu, namshukuru Mungu kwamba niliisikia.

Sasa Sabina, jana binti wa Mzee Fidelisi alipoanguka, wewe nilikuona umeshafika mlangoni. Sikugombezi. Jumuiya ijayo ni zamu ya kwao. Chukua kanga yangu ile sandukuni, iliyofifia rangi. Aliniachia Mama Leokadia. Ukaketi karibu na binti yule, na akianguka utajua la kufanya.

Aangukaye hutandikiwa, hakimbiwi.