Fundi wa Visima Aliyesinzia Langoni

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati kobe bado ana haraka zake, jua liliichoma nchi ya Mchangani mpaka miti ikabaki vijiti. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na bonde la majani mabichi, bonde la wakubwa: Tembo, Kifaru na Kiboko. Walikuwa wamelizungushia boma la miiba lenye lango moja tu.

Siku moja Kifaru akatoka langoni, akanguruma, "Sikilizeni! Bwawa letu linapungua. Tunataka fundi wa visima, fundi mmoja! Akifuzu ataingia na watoto wake. Wengine msitusumbue!"

Nguchiro, yule mdogo mwenye ulimi mwepesi, akasikia. Mbio, tutututu! mpaka kwa jirani yake Muhanga, mwenye masikio marefu na kucha kama majembe. Hata shimo alimolala Nguchiro na wanawe wawili, Muhanga ndiye aliyelichimba, akampa bure.

"Kaka Muhanga! Amka! Bahati yako hiyo!"

Muhanga akafungua jicho moja. Yeye kazi yake hufanya usiku, mchana hulala. "Jirani, mimi sijui kusema mbele ya watu. Nikiulizwa nababaika."

"Nitakusemea mimi! Wewe nieleze tu kazi yako."

Basi njiani, wana wa Nguchiro wakiwafuata nyuma, Muhanga akamweleza. "Natia pua ardhini. Nikisikia ubaridi kama wa mtungi, hapo ndipo. Udongo ukianza kunata kuchani, maji yako karibu."

Nguchiro akayashika maneno yote.

Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yao ilipofika jua lilikuwa utosini, na Muhanga alikuwa amesinzia wima. Khrrr! Khrrr!

Kiboko, karani wa lango, akafungua daftari, Tembo na Kifaru wakitazama nyuma yake. "Anayeingia anahitaji alama sabini. Kujieleza, hamsini. Kuwa mchangamfu, ishirini. Cheti, thelathini."

"Na kuchimba je?" akauliza Nguchiro.

"Kuchimba hatupimi hapa. Patachafuka. Haya, maji hutafutwaje?"

Nguchiro akamgusa Muhanga ubavuni. Khrrr! Akamgusa tena. Khrrr! Basi akajibu mwenyewe, "Unatia pua ardhini. Ukisikia ubaridi kama wa mtungi, hapo ndipo..." Akamaliza yote bila kukwama.

"Lo! Hamsini!" Kiboko akapiga meza, pwa! "Na uchangamfu huo, ishirini! Karibu, fundi. Na huyu anayekoroma ni nani?"

Nguchiro akawatazama wanawe. Midomo yao ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Huyo... simjui. Nimemkuta tu kwenye foleni."

Alipogeuka, Muhanga alikuwa macho. Alikuwa amesikia. Masikio yake marefu yakamlala, akaondoka taratibu.

Ndani ya bonde watoto wakanywa, gugu! gugu! gugu!

"Mama," mmoja akauliza, "mjomba Muhanga anakuja lini?"

"Nyamaza unywe," akasema Nguchiro.

Kesho yake Bibi Tembo akamjia. "Fundi, tuanze kazi."

"Bibi, fundi hachimbi. Fundi huelekeza. Nguvu si mnazo ninyi?"

"Kweli kabisa!" wakasema wakubwa. Tembo akachimba kwa pembe, Kifaru kwa kipusa, Kiboko kwa kidevu. Pu! Pu! Pu! Nguchiro akatembea huku na huku, ameinamisha pua kama mjuzi. Lakini pua yake haikusikia kitu.

Shimo la kwanza, vumbi. "Udongo wa hapa umechoka," akasema. La pili, vumbi. "Sogeeni kidogo." La tatu, vumbi tupu. Kila walipokosa maji, bado walimwita "Fundi" kwa heshima, naye kila alipoitwa hivyo aliangalia chini.

Siku ya nne bwawa lilikuwa tope. Kiboko, ngozi imempasuka mgongo mzima, akaingia kwenye shimo la nne akashindwa kutoka. Akainua kichwa.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "mimi nakuamini. Nionyeshe tu pa kuchimba."

Hapo Nguchiro akavunjika. Angetukanwa angejua la kujibu. Lakini kuaminiwa!

"Mimi si fundi," akasema. "Sijawahi kuchimba hata shimo la kulala. Fundi ni yule aliyekuwa akikoroma. Ni jirani yangu, na nilimkana."

Kifaru akainua kipusa.

"Mwache," akasema Bibi Tembo, na macho yake hayakuinuka. "Zile kucha tuliziona sote. Nani kati yetu aliuliza ni za nini?"

Wakamvuta Kiboko nje, na Nguchiro akaenda Mchangani peke yake.

Alimkuta Muhanga kando ya kisima kidogo kipya. Digidigi na ndege walikuwa wakinywa.

"Kaka... nilikukana."

"Nilisikia."

"Nisamehe. Bondeni maji yamekwisha, na Kiboko anakufa kwa ukavu."

Muhanga akamwachia nafasi kando ya maji. "Kunywa kwanza," akasema. "Umetoka mbali."

Nguchiro akainamia maji, akaiona sura yake humo, akafumba macho ndipo akanywa.

Muhanga akaja bondeni. Langoni Kiboko akashika daftari kwa mazoea, kisha akalificha nyuma yake kwa haraka. Muhanga akanusa hapa, akanusa pale, akachimba, kwaru! kwaru! kwaru! Chubwi! Maji yakaruka.

"Kaa nasi!" wakubwa wakamsihi. "Bila maswali yoyote!"

"Nimekuja Kiboko asife," akasema Muhanga. "Nyumbani hakuna aliyenipima." Akajikung'uta tope, akashika njia.

Nguchiro naye akawabeba wanawe, akayaacha majani mabichi na jina la Fundi, akamfuata. Lakini alimfuata nyuma hatua kumi, kwani kutembea ubavuni pake bado aliona haya.

Basi wanangu, ukifunguliwa mlango kwa kazi ya mwenzako, mtaje mwenzako hapohapo mlangoni.