Zawadi Nyuma ya Kioo

Mama mmoja alikuwa na banda la gemu karibu na stendi ya Same. Jina lake Nsiande. Kompyuta yake iliyokuwa ikivuta wateja ilikufa, na vijana, ambao huruma yao huisha pale mchezo unapoishia, wakaanza kuhamia banda la ng'ambo ya barabara. Banda hilo ndilo lililokuwa likiwasomesha wanawe. Likifungwa, wangerudi nyumbani kabla ya mtihani.

Ndugu wakaunda kamati, maana kwetu hata msiba hauaminiki mpaka upate mwenyekiti. Ikaazimiwa kwamba kompyuta mpya iundwe kwa michango, na kwamba kila mtu, badala ya kutoa fedha, alete kifaa, ili mkono wake uonekane. Kwa hiyo kasha ndilo lililochaguliwa kwanza: lenye ubavu wa kioo na taa za rangi ndani.

Shemeji yake Nsiande, Diwani Senkondo, akaleta kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini, nene kama tofali na yenye kula umeme kama mashine ya kusaga. Mwenyekiti akaleta mazabodi, ule ubao ambao vifaa vyote huchomekwa juu yake. Mzee wa usharika akaleta prosesa, ubongo wa kompyuta. Kila kimoja kilikuwa bora, na hakuna aliyeuliza cha mwenzake ni cha namna gani. Kuuliza kungeonekana ni kuchungulia mfuko wa mtu. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, kilikosa mwenyewe. Hukaa chini, nyuma ya bati, na huko jina la mtu halisomeki. Ikaamuliwa kinunuliwe kwa chenji ya soda. Nsiande aliyaona yote hayo akanyamaza, kwa kuwa alifunzwa kwamba wa kupewa haulizi.

Siku ya uzinduzi fundi alijaribu kuikalisha prosesa kwenye mazabodi, miguu yake ikakosa matundu. Kila kimoja kilitoka ukoo mzuri, ila koo hazioani. Katibu akauliza kama haiwezekani kulazimisha kidogo. Fundi akaazima mazabodi nyingine dukani kwake kuinusuru shughuli. Kompyuta ikawashwa. Taa zikang'aa, zikapigiwa makofi. Kisha kadi ya diwani ikadai umeme wake, pawasaplai ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, na nyuma ya kioo pakawa giza. Utepe ulikatwa hata hivyo, kwa sababu ulikuwa kwenye ratiba.

Kamati ikaelekeza kwamba kifaa chochote kisiguswe mpaka kikao kijacho, ambacho tarehe yake ingetangazwa. Kompyuta ikabaki mezani, na majina ya wafadhili yamebandikwa ndani ya kioo. Vijana waliingia, wakajitazama humo, wakavuka barabara. Nsiande akavumilia mpaka ujumbe wa shule ulipokuja kuuliza ada. Ndipo akavibeba vile vifaa vya fahari kwa fundi, akijua kwamba anaweza kuipata kompyuta na kuukosa ukoo. Mazabodi ya mwenyekiti ikabadilishwa kwa inayoikubali prosesa ya mzee wa usharika. Ile kadi nene ikabadilishwa kwa kadi ya kiasi na pawasaplai ya uhakika. Majina akayabandua, kwa kuwa hayakulingana tena na vilivyomo.

Jumamosi diwani alikuja akakuta banda limejaa. Akapenya katikati ya vijana, akainama kwenye kioo, akatazama kwa muda.

"Shemeji, mbona changu sikioni? Au kimeolewa bila mahari?"

Vijana wakacheka. Nsiande hakucheka. Akaweka kiganja juu ya bati la chini, ambalo lilikuwa vuguvugu.

"Kiko huku chini, shemeji. Ndicho kinachowasha vya wenzako."

Diwani alibaki ameinama, kama mtu anayesubiri maelekezo kutoka juu, mpaka kijana mmoja akamwomba kwa adabu asogee, maana alikuwa ameziba skrini.

Basi wewe uliyetoa: ukikuta taa zinawaka na jina lako halimo nyuma ya kioo, utasema zawadi yako imepotea?