Mafiga Baridi ya Bi Mwari

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile ndege walipokuwa wakibeba abiria mgongoni na panya wakisafiri na vifurushi vyao, palikuwa na kiwanja juu ya mwamba. Upande huu wa bonde ulikuwa mkavu, nyasi zake zikikanyagwa zinavunjika kach! kach! Upande wa ng'ambo palikuwa na maji.

Kiwanja kile kilizungushiwa ua wa miiba, na ua ulikuwa na milango kumi na mitatu. Ndege alipakia abiria na kuwashusha mlangoni pake, si penginepo. Akijaribu kutua kwingine, miiba ilimchana.

Milango saba ilikuwa ya Bwana Korongo mwenye miguu mirefu. Mitano ilikuwa ya Bi Mwari mwenye mdomo wa mfuko. Ule wa kumi na tatu, wa pembeni kabisa, unaopigwa na upepo wa ubavuni, ulikuwa wa Mbayuwayu.

Mbayuwayu alikuwa mdogo, wanangu. Alibeba abiria mmoja mmoja: kitoto cha panya, chura mwembamba, mjusi asiye na mizigo. Aliwabeba kwa punje moja ya mtama, na kabla ya kuruka aliwauliza mara tatu, "Umeshika vizuri? Umeshika kweli? Hebu nione." Alikuwa na hofu nyingi, na hofu ilimfundisha kuangalia kila kitu.

Sheria ya kiwanja ilikuwa fupi. Nyumba moja isizidi milango saba. Na nyumba ni nini? Nyumba ni mafiga matatu yenye moto. Kila alfajiri mpimaji wa kiwanja, Mzee Kakakuona, alipanda juu ya jiwe lake, akahesabu moshi unaopanda. Moshi mmoja, nyumba moja. Akishahesabu, alishuka kulala.

Basi siku moja Bwana Korongo akamwoa Bi Mwari.

Ngoma ilipigwa siku saba! Ndi! ndi! ndi! Abiria walicheza hadi miguu ikavimba. Walisema, "Wakubwa wameungana, sasa tutavushwa upesi."

Wapi! Asubuhi ya siku ya nane milango minne ya Bi Mwari ilikutwa imezibwa kwa matawi ya miiba. Abiria wote wa nyumba ile wakasongamana kwenye mlango mmoja. Foleni ikashuka mwamba mpaka kwenye vumbi. Na nauli? Jana konzi moja ya mtama, leo kikapu.

"Bwana Korongo," aliuliza Mama Panya, aliyekuwa na watoto kumi na mmoja na maji kidogo ndani ya kibuyu, "mbona milango mingine mmeifunga?"

"Inapumzika," alijibu Korongo, akibadilisha mguu.

"Mlango nao huchoka?"

"Usipotaka, nenda kwa yule kinyoya."

Mama Panya akaenda kweli kwa Mbayuwayu. Na wengine wakaanza kumfuata, mmoja mmoja. Jambo hilo lilimkera Korongo kama mwiba wa samaki kooni. Akapanda kwenye jiwe la Kakakuona.

"Mzee wangu, tazama foleni ya mke wangu. Tazama ilivyo ndefu! Na yule kindege ana abiria watano, sita. Sheria inasemaje?"

Kakakuona alifumbua jicho moja. "Mlango wenye abiria wachache hupewa nyumba yenye foleni ndefu."

"Haya basi."

"Wewe una saba, huwezi kuongezewa. Lakini nyumba ya Bi Mwari ina mitano. Moshi wake nauona kila alfajiri. Atapewa yeye. Baada ya siku tatu."

Hakuuliza foleni ilirefushwa na nani. Kazi yake ilikuwa kuhesabu tu.

Mbayuwayu alipata habari. Alikimbilia kwa Korongo.

"Bwana mkubwa, nihurumie. Nina mlango huo tu. Mama Panya nimemvushia watoto wawili. Bado tisa, na kibuyu chao kimekauka."

Korongo alicheka, kwaa-kwaa-kwaa! "Mlango mzima kwa ndege kama wewe? Ni kanzu ya tembo kuvishwa sisimizi! Nenda katue mitini na wenzako."

"Wenzangu walishaondoka, bwana. Miti imekauka."

"Basi wewe unangoja nini?"

Usiku ule Mbayuwayu hakulala, na alfajiri aliruka angani akizunguka bila mpango. Wanangu, mnajua mbayuwayu hupenda kupita katikati ya moshi kuwinda vijidudu. Alipita kwenye moshi wa Korongo, fyuu! Ulinukia vitunguu na maharage. Alipita kwenye moshi wa Bi Mwari, fyuu!

Akasita. Akarudi tena. Akapita mara ya tatu.

Moshi ule haukuwa na harufu ya chakula. Si kitunguu, si ukoko, hata ugali haumo. Ni majani mabichi tu.

Mbayuwayu akachukua kigae, akaenda nyumbani kwa Bi Mwari kama jirani aliyekwenda kupalia moto. Nyinyi mmezaliwa enzi za viberiti, lakini zamani moto ukizimika mtu alikwenda kuomba kaa kwa jirani, na hakuna jirani aliyenyima.

"Hodi! Hodi jikoni!"

"Nani?" Sauti ilishtuka.

"Ni mimi, Mbayuwayu. Moto wangu umezimika, nipe kaa moja tu."

Mlango ulifunguka kidogo, akatokeza Bibi Kanga, mpishi wa Bi Mwari tangu ujana wake. Macho yalikuwa mekundu.

"Leo hakuna moto, mwanangu. Nenda kwingine."

"Hakuna moto, na huo moshi, bibi?"

Kanga alitanda bawa mlangoni. Mbayuwayu alikwisha kuchungulia chini ya bawa lake. Mafiga matatu yalikuwa yamekaa katikati ya jiko. Masizi yake ya zamani yalianza kuingia vumbi, na buibui alikuwa ametanda utando kutoka figa la kwanza hadi la pili. Pembeni, ndani ya gae la mtungi, majani mabichi yalikuwa yakifuka juu ya makapi.

Kumbe! Tangu ile harusi chungu kilikuwa kimoja, kwa Korongo. Nyumba ilikuwa moja, milango kumi na miwili.

"Nimepika hapa miaka na miaka," alisema Kanga kwa sauti ndogo. "Sasa kazi yangu ni kufukiza majani alfajiri, Kakakuona aone moshi. Unaona aibu ninayoiona mimi? Lakini kila wiki Bi Mwari hunivusha mara moja kuwaona wanangu walioolewa ng'ambo. Mimi mabawa yangu hayavuki bonde lile. Wakijua umeona, watanifukuza. Nakuomba, mwanangu. Usiseme."

Mbayuwayu alitazama utando wa buibui. Alimfikiria Mama Panya na kibuyu kilichokauka.

"Sitasema neno, bibi," alisema, naye alijua tayari atakalofanya.

Ilikuwa siku ya pili. Jua lilipopanda, Mbayuwayu alitua mbele ya Korongo na Bi Mwari, kichwa chini, machozi yakimtoka. Machozi yale hayakuwa ya uongo.

"Bwana, bibi, mmenishinda. Sitangoja siku ya tatu. Nakabidhi mlango leo, mbele ya mzee na abiria wote."

Korongo alimtazama kwa jicho la pembeni. "Mbona haraka?"

"Kilio kikichelewa huongezeka, bwana. Afadhali nilie leo, niondoke."

"Eh! Ana akili kumbe!" Bi Mwari alipiga makofi kwa mabawa. "Mwite Kakakuona!"

Kakakuona akaja, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, akiburuta mkia. Abiria wakakusanyika wakinung'unika. Mama Panya alisimama na watoto wake tisa. Midomo yao ilikuwa imepasuka.

"Kwanza abiria," alisema Mbayuwayu. "Anayepokea mlango hupokea na waliomo. Fungua mdomo, Bi Mwari, wasafiri wa leo ni hawa watoto tisa."

"Mbele ya watu wote hawa," Korongo alimnong'oneza mkewe, "usikatae. Fungua tu."

Bi Mwari akafungua mfuko wake. Panya wadogo wakaingia, mmoja, wawili, mpaka tisa, wakashikana mikia. Mfuko ukavimba. Sasa hakuweza kuruka bila kuwamwaga, wala kusema bila kuwatapika.

"Na sasa," Mbayuwayu alimgeukia Kakakuona, "mzee wangu, marehemu mama alinieleza kwamba mlango haukabidhiwi mikono mitupu. Alikosea?"

Kakakuona alifumbua jicho la pili, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka mingi.

"Hakukosea! Lo, nilikuwa nimesahau. Lazima kaa la moto kutoka mafiga ya anayepokea. Na mpimaji hulichota mwenyewe, kwa sababu magamba yake hayaungui. Kaa likiwekwa kizingitini, mlango umehama."

"Mmmf!" alisema Bi Mwari.

"Unasemaje, bibi?"

"Mmmf! Mmmmf!"

"Amefurahi," Mbayuwayu alisema.

Korongo alikunjua mabawa haraka. "Mzee, usijichoshe. Nitaruka mimi, nitaleta kaa sasa hivi, zuri, jekundu..."

"Ala! Nani mpimaji hapa?" Kakakuona alimkunjia kucha. "Mume wa anayepokea husimama kizingitini asitoe mguu. Ukiutoa, nahesabu umekataa."

Korongo akabaki pale na mguu mmoja chini, mwingine hewani, akiwa hajui pa kuuweka. Abiria wakaanza kuangaliana.

Kakakuona alitembea hadi jikoni kwa Bi Mwari, kwaru-kwaru, na Mbayuwayu akiruka nyuma yake bila kusema neno. Bibi Kanga alipomwona mpimaji mlangoni, aliangusha kipepeo chake cha kupepea moto. Akamtazama Mbayuwayu. Mbayuwayu akatazama chini.

Kakakuona aliingiza kucha katikati ya mafiga.

"Baridi," alisema.

Akagusa figa la pili. "Baridi." Utando wa buibui ulimnasa kidoleni, akautazama kwa muda mrefu. "Na mimi nilikuwa nahesabu moshi."

Alirudi kiwanjani na lile gae la majani mkononi, akaliangusha chini mbele ya watu wote. Pwaa!

"Mafiga ya Bwana Korongo yana moto. Mafiga ya Bi Mwari hayana. Hawa ni nyumba moja, na nyumba moja ni milango saba! Mitano inarudi kwa kiwanja. Wa kumi na tatu unabaki kwa mwenyewe. Ondoeni hiyo miiba!"

Kelele zilizuka, wanangu! Vyura, mijusi na panya waliivuta miiba kwa meno, haraa! haraa! Bi Mwari aliwatema watoto wa panya mbele ya mama yao, wote tisa, wamelowa lakini wazima.

"Mshenzi wewe!" alipiga kelele. "Mpishi mwongo! Kanga! Ni yeye aliyesema! Asikanyage tena kwangu, wala mgongoni mwangu asipande!"

"Hakusema," Mbayuwayu alisema. "Nilipita mwenyewe kwenye moshi wenu."

Lakini nani wa kumsikiliza? Mkubwa aliyeaibika humtafuta aliye karibu na mkono wake.

Tangu mchana hadi machweo Mbayuwayu aliwavusha watoto wa Mama Panya, mmoja mmoja. "Umeshika vizuri? Umeshika kweli?" Mwisho akamvusha Mama Panya mwenyewe, ingawa uzito wake nusura umtoe roho. Nyuma yao milango mitano ilikuwa wazi, na upepo ukipita ndani yake. Hakukuwa na ndege wa kuitumia. Wadogo wengine walikuwa wameondoka zamani, na hakuna aliyejua waliko ili akawaite.

Aliporudi, alimwona Bibi Kanga chini, akishuka mwamba kwa miguu. Alikuwa amebeba kipepeo chake na sufuria tupu kichwani, akielekea ndani zaidi ya upande mkavu, mbali na bonde.

Mbayuwayu alitua mbele yake.

"Bibi, nisamehe. Panda. Nitakuvusha kwa wanao."

Kanga aliweka sufuria chini. Akamtazama kuanzia mdomo hadi mkia, ndege mzima asiyejaa kiganja.

"Ulisema hutasema neno," alisema, "na kweli hukusema."

"Panda, bibi. Tafadhali. Nijaribu tu."

"Mgongo wako haunitoshi, mwanangu." Hakusema kwa hasira. Alijitwisha sufuria yake, akamzunguka, akaendelea kushuka.

Mbayuwayu alimfuata angani mpaka vumbi likamficha. Kisha akarudi kwenye mlango wake wa kumi na tatu, ambako chura mmoja mwembamba alikuwa akingoja zamu.

Kisa kimefika kizingitini, wanangu, nami nakiacha hapo na kaa lake: mdogo anayemwangusha mkubwa aangalie kwanza nani amesimama chini yake.